Lumbesa ya Shimo Jeusi

Nimechoka, na ninalisema mapema ili baadaye asitokee mtu wa kudai nilimficha. Ninyi mnaoanza kazi ya kufundisha na kukokotoa mambo ya uvutano mliniomba kurasa kumi. Nikasema tatu. Tukafika tano, na moyoni najua nitaandika nne. Ndivyo nilivyolelewa Manyamanyama, pale Bunda: baba yangu alikuwa na duka la rejareja, na bei ya kwanza pale dukani haikuwa bei, ilikuwa salamu.

Kwa wasionijua, nilifundisha fizikia chuo kikuu mpaka nikastaafu, na kazi yangu hasa ilikuwa mashimo meusi. Sikuwahi kuliona hata moja. Majirani zangu hapa Nyegina wanadhani natania, kwa sababu mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote walau alimwona ng'ombe. Lakini ndiyo kazi ilivyo. Nyota kubwa inajiangukia yenyewe mpaka hata mwanga wake hautoki. Kinachobaki huwezi kukiingia ukarudi kusimulia. Mnunuzi wa mahindi ana bambo, kile chuma chembamba cha kutobolea gunia na kuchota punje za katikati, aone kama muuzaji hakuficha mabovu huko ndani. Shimo jeusi halina bambo lake. Unalipima kwa nje, basi.

Tunafanya hivi. Tunasimamisha ukuta wa kufikirika, mbali, umelizunguka shimo pande zote. Tunasema ukutani hali iwe hivi na hivi: joto kiasi hiki, ukubwa kiasi hiki. Hayo ndiyo masharti ya mpakani. Kisha tunakokotoa kilichomo ndani ya ukuta, tunaongeza kilichopo ukutani penyewe, na jumla yake inatufikisha kwenye uzito wa shimo. Masharti yakibana mno, hakuna kinachotikisika, umekokotoa kaburi. Yakilegea mno, kila takataka inayopita inaandikwa kuwa mali. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ni kubishana juu ya kubana na kulegeza. Ni biashara ya sokoni, ila unavaa viatu vya kufunga.

Aliyenifundisha ubishi huo ni Dokta Athumani, mtu wa Musoma mjini, mtoto wa fundi cherehani, ambaye kila Ijumaa alikuja darasani na kanzu nyeupe na akatoka nayo nyeupe, na chaki ikiwa imeisha. Sijui alifanyaje. Mimi chaki ilinipata mpaka kwenye kope. Ukikutana naye koridoni hakuuliza habari za asubuhi. Aliuliza, "Habari za mpakani?" Maana yake: umeshaweka masharti yako, au bado unakokotoa hewani?

Wanafunzi wa mikoa mingine walizoea upesi. Sisi wa Mara ilitutesa, maana kwetu mpakani ni mahali pamoja tu, Sirari, tunapopakana na Kenya, na mtu anayekuulizia habari za huko kila asubuhi, kwa sauti ya chini, ana mzigo wake unaosubiri kuvuka. Muhula wa kwanza nilimkwepa. Nilidhani ni mtu wa sukari ya magendo.

Neno lake jingine nililinunua kwa bei mbaya. Nilimpelekea kazi ambayo ndani yake nilikuwa nimefuta kijisehemu, nikaandika pembeni: ni ndogo, inapuuzwa. Akaiangalia karatasi kama mtu anayeangalia samaki wa jana.

"Ndogo mara ngapi?" akauliza.

Sikumwelewa. Akaniacha nikae nayo. Baadaye ndipo nikaona: kitu kidogo kilichopo ukutani kinazidishwa na ukuta wote. Ukiusogeza ukuta mbali zaidi, kijisehemu kinapungua, ni kweli, lakini ukuta nao unakua kwa kiasi kile kile, na ukizidisha unabaki na kitu kizima mkononi, hakipungui hata uende wapi. Nilirudia kazi ya muhula mzima. Tangu siku hiyo nikiona mtu ameandika "inapuuzwa" nasikia mgongo unauma mahali fulani.

Ulinganifu niliufundisha kwa saa, na hii naomba muichukue maana haina gharama. Sisi jua likishachomoza ndipo tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Wenzetu wa nje wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Sasa Bunda nzima ikiamua kesho ihesabu kama wao, nani atachelewa? Hakuna. Basi la Mwanza litaondoka pale pale lilipokuwa likiondoka, uji utaiva pale pale. Majina yamebadilika, mambo yamekaa. Huo ndio ulinganifu. Lakini mtu wa Bunda akipanga miadi na mtu wa nje, namna yake ya kuhesabu inaacha kuwa majina, inakuwa kitu cha kweli kinachoweza kumkosesha kazi. Katika uvutano ni hivyo hivyo. Ndani, kubadilisha saa ni kubadilisha majina. Mpakani, unapokutana na wengine, kunageuka kuwa hesabu ya kudumu, na hesabu hiyo ndiyo tunayoiita uzito wa shimo. Niliwaeleza wanafunzi hivi miaka mingi. Wachache walielewa. Wengine waliangalia saa zao.

Nilipostaafu niliweka sharti moja tu: sikokotoi tena. Macho yamechoka, na nilishahudhuria vikao vya idara vya kumtosha mtu na wajukuu zake. Sharti lilidumu mpaka alipokuja Nyangeta.

Nyangeta niliwahi kumfundisha, binti wa Kabasa pale Bunda, mbishi, mwandiko kama wa daktari. Alikuwa ameajiriwa kufundisha katika chuo kimoja Butiama, kwa sharti kwamba amalize shahada yake ya pili. Walikuwa wameshamwongezea muda. Sasa walimwambia hakuna kuongeza tena: akitetea tasnifu na kupita, kazi ni yake, asipopita, atafute pengine. Alikuja Nyegina kwa bodaboda, laptopu ameifunga ndani ya mfuko wa unga kwa ajili ya vumbi, na samaki wawili aina ya sato mkononi. Niliwaangalia wale sato mara mbili. Walikuwa wabichi kweli. Nikajua shida ni kubwa.

Aliomba nimsaidie mwezi mmoja. Nikampa alasiri moja, pamoja na chai.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Alikuwa ameichukua nadharia ya kawaida ya uvutano akaiongezea kitu chake kipya, akapima mashimo meusi ya nadharia hiyo. Hakuna ubaya. Lakini kila anayeongeza kitu lazima apite mtihani mmoja: ukizima nyongeza yako, jibu lirudi kwenye lile la kawaida ambalo dunia nzima inalijua. La kwake likizimwa lilirudi mara tatu. Shimo lile lile, uzito mara tatu.

"Nimekokotoa mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Na kompyuta imekokotoa."

"Basi mmekosea wawili."

Enzi zetu kosa lilikuwa na adabu, lilikuja polepole kwa kalamu, ulilisikia likipanda ngazi. Siku hizi kompyuta inakukosea kurasa mia kabla chai haijapoa, tena kwa maandishi mazuri. Sisemi muitupe. Nasema msiihesabu kuwa mtu wa pili. Kuhesabu mara mbili ni kuhesabu kwa njia mbili, siyo kuuliza swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi.

Nikamwambia tuanze na shimo la kawaida, lisilo na nyongeza. Ndani ya ukuta kunatoka nini? Akajibu, sifuri. Ni kweli, na ndilo jambo la ajabu kuliko yote niliyokutana nayo katika kazi hii: ukijumlisha kile ambacho nadharia inakutaka ujumlishe ndani, kote, unapata sifuri kavu. Hesabu yote imekaa ukutani, kwenye ile nyongeza ya mpakani ambayo vitabu huiweka kama tanbihi chini ya ukurasa.

"Ndani gunia tupu," nikamwambia. "Mzigo wote uko kwenye lumbesa."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, kwa sababu mama yake anauza viazi vitamu kwa lumbesa pale Kabasa. Wa mjini waliozoea mifuko ya plastiki niwakumbushe: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kipande kingine juu, likajazwa tena, likatoka na kichwa kama cha mtu aliyebeba mtungi. Serikali inaikataza kila mwaka. Kila mwaka ipo.

Lakini lumbesa ya shimo jeusi ina tabia mbaya: kila ukiusogeza ukuta mbali, inanenepa bila mwisho. Kwa hiyo unafanya kama mpima mizigo yeyote mwenye akili. Unapima gunia tupu. Unachukua ukuta ule ule, ndani yake hamna shimo wala chochote, unaupima, kisha unatoa. Kinachobaki ndicho uzito. Nyangeta haya yote aliyajua. Lumbesa aliiweka, gunia tupu alilitoa, bado ikatoka mara tatu. Tulipitia mstari kwa mstari mpaka chai ikaisha na macho yangu yakaanza kuona herufi mbili mbili, na hiyo siyo ile hesabu ya mara mbili ninayoisifia. Sikuliona kosa. Nikamwambia Jumamosi nitakuja Bunda, nina haja ya viazi.

Kwa kweli sikuwa na haja ya viazi. Nilikuwa na haja ya kutokufikiria lile tatu peke yangu.

Jumamosi nikamkuta Mama Nyangeta katikati ya magunia, amekaa kwenye kigoda, na binti yake pembeni amejiinamia kwenye simu. Tukasalimiana, tukaulizana wazima na wagonjwa. Kisha mama akanisogelea na kushusha sauti, na uso wake ulikuwa na shukrani ambayo sikujua nimeifanyia nini.

"Mwalimu, huyu mtoto kanambia unamsaidia mambo ya mpakani. Mungu akubariki. Nilikuwaga naogopa hiyo kazi ni ya wanaume tu. Sasa akishaanza kule Sirari, nina mdogo wangu anapitishaga mitumba, wanamsumbua sana."

Nikamtazama Nyangeta. Nyangeta akazidi kuitazama simu. Kumbe tangu aanze shahada alikuwa akimweleza mama yake kwamba anasomea masharti ya mpakani, mama akawa ameelewa kama ambavyo mtu yeyote wa Bunda angeelewa, na Kabasa nzima ilikuwa inamsubiri ofisa wa forodha. Sikuwa na nguvu ya kuusahihisha mtaa mzima kabla ya saa sita. Nikageukia viazi.

Nilichagua lumbesa moja. Wakaipandisha kwenye mizani, mama akataja kilo, akapunguza za gunia tupu, akataja tena. Hapo ndipo damu ya Manyamanyama ilipoamka. Nikamwambia amepunguza gunia tupu la kawaida. Hili lina kipande kilichoshonewa juu, na kamba zake, na majani yaliyofunika mdomo. Gunia tupu la lumbesa siyo sawa na gunia tupu. Mama akasema mwaka huu wasomi wamekuwa wengi. Vijana wa kubeba wakacheka. Nikasema sinunui majani kwa bei ya viazi. Mama akaapa kwamba hayo majani hayafiki hata robo kilo, na kwamba kama ningekuwa mkwe wake angenirudisha kwetu.

Nyangeta akachoka na sisi. Aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, jamani, hiyo tofauti ni ndogo."

"Ndogo mara ngapi?"

Naapa sikuwa na hekima yoyote wakati huo. Lilinitoka kama mtu anavyosema pole. Lakini Nyangeta aliiweka simu chini. Akauliza, si mimi hasa, akauliza hewani: gunia tupu nililitoa kwa mdomo gani?

Akaenda kukaa nyuma ya magunia na laptopu yake. Mimi na mama tulikubaliana bei, nusu ya ubishi wangu na nusu ya wa kwake, na tulipomaliza yule mtoto alikuwa bado anaandika.

Kosa lilikuwa hili, liandikeni mahali. Karibu na shimo jeusi saa inakwenda polepole kuliko mahali patupu. Hata pale ukutani, mbali, inachelewa kidogo sana. Ukitaka kutoa gunia tupu, lazima saa ya ukutani ya lile gunia tupu ilingane na saa ya ukutani ya gunia lenye shimo. Samahani, Kiswahili hakinipi namna nyingine ya kulisema: saa ya ukutani. Nyangeta aliziacha kila moja na mwendo wake, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo na huko mbali inapotea. Inapotea kweli. Lakini inazidishwa na ukuta, na ukuta haupotei. Alipozilinganisha, mara tatu ikawa moja. Akaikagua kwa njia nyingine, kupitia eneo la uso wa shimo. Moja tena. Hakupiga kelele. Alifunga laptopu, akamsaidia mama yake kupanga mafungu ya viazi.

Siku ya kutetea ilifanyika Butiama, asubuhi, katika chumba chenye feni moja na luninga ukutani ambamo mtahini wa nje angeonekana. Mtahini aliandika kwamba tuanze saa nne. Nyangeta alimwandikia mara mbili kumuuliza saa nne ya kwetu au ya kwenu. Nilijivunia swali hilo kuliko tasnifu yote.

Mimi na mama yake tulikaa nje kwenye baraza la saruji. Wasimamizi walinialika niingie. Nikasema viti vya huko ni vigumu. Ukweli ni kwamba nilishaketi ndani ya vyumba vya aina hiyo mara nyingi mno, na nimeona watu wazuri wakikatwa kwa sababu mtahini hakulala vizuri. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulisikia sauti ya Nyangeta, kisha ya luninga inayokatika, kisha tena ya Nyangeta. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Akasema bila kunitazama:

"Mwalimu, niambie ukweli. Huyu mtoto ni wa forodha au siyo wa forodha?"

"Siyo wa forodha, mama."

Akaukunja upindo wa kitenge, akaukunjua.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa humo ndani wanamuuliza nini?"

Nikafikiria majibu kadhaa, yote marefu. "Kuna kitu hakifunguki," nikasema. "Anajua kukipima kwa nje."

"Na wakikataa?"

"Kazi hapati."

Akatikisa kichwa. Hakuuliza kitu hicho ni nini wala kina faida gani, maswali ambayo mawaziri wameniuliza. Alisema tu kwamba mdogo wake amemwahidi mtu. Kisha akasema atamwambia mwenyewe, na asipoelewa shauri yake, kwani nani alimwambia apitishe mitumba.

Mlango ulipofunguliwa, Nyangeta alitoka na karatasi zimekunjamana mkononi, na uso ambao sikuweza kuusoma. Alimwamkia mama yake kwanza, kama vile walikuwa hawajaonana asubuhi ile. Kisha akanigeukia mimi.

"Nimepita, Mwalimu. Wametaka marekebisho kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

Hapo ndipo alipocheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Akaeleza kwamba mtahini alimuuliza, kama hesabu yote iko mpakani, ndani kuna nini. Alikuwa amejibu kwamba ndani haulizwi mtu aliye nje, na kwamba yeye ameulizwa uzito. Mtahini aliandika kitu, akaendelea. Zile saa za ukutani alizipenda. Jambo moja tu alilikataa moja kwa moja: katika sura ya tatu Nyangeta alikuwa ameiita ile nyongeza ya mpakani kwa neno ambalo mtahini hakulipata katika kitabu chochote, na wasimamizi walipomweleza maana yake, akasema liondolewe.

"Neno gani?" mama akauliza.

"Lumbesa."

Mama akasimama, akakung'uta kitenge, akashika mkoba wake.

"Lumbesa inakatazwaga kila mahali," akasema.

Basi, vijana, hizo ni kurasa nne. Tasnifu yake ninayo hapa, alinitumia ikiwa imejalidiwa. Nimeikagua mara mbili. Sura ya tatu ni safi, hamna neno la sokoni hata moja. Lakini mkifungua mwanzo kabisa, kwenye ukurasa wa shukrani, juu ya kila kitu, kabla namba za kurasa hazijaanza kuhesabiwa, mtaikuta lumbesa yake ameiandika pale kwa herufi kubwa, mahali ambapo hakuna mtahini anayepima.